Fundi wa Nyuma ya Pazia na Barua Yake

Yaya Tahani haanzi kwa bisibisi. Cherehani ikiletwa, kwanza anazungusha gurudumu lake kwa mkono, polepole, macho kayafumba, na ukimsemesha wakati huo hajibu. Siku moja nilimuuliza anasikia nini. Akasema, "Nasikia mahali inapochoka."

Namwita yaya kwa sababu kwetu Bujumbura dada mkubwa ni yaya, hata kama hamkuzaliwa nyumba moja. Ana miaka ishirini na moja. Duka ni la baba yake, Mzee Himid, hapo mtaa wa Asiatique, kati ya muuza vitambaa na sekretaria ya Valéry, ambako watu wanapigiwa barua na kutoa fotokopi. Mama yangu anafanya kazi kwa huyo muuza vitambaa. Mi nikitoka shule namngojea kwa Mzee Himid, nyuma kabisa, kwenye meza yenye makopo ya skrubu. Nimefanya hesabu za darasa la tisa na la kumi kwenye meza hiyo, na daftari zangu zote zinanuka mafuta ya mashine.

Duka hilo lina pazia la bluu. Mbele ya pazia anakaa Mzee Himid na birika la chai. Anapokea mashine, anauliza habari za watoto, anatikisa kichwa kama daktari, halafu anaibeba kupita pazia. Kesho yake anaitoa, nayo inashona. Mwenye mashine anasema, "Mkono wa Himid huo! Mashallah!" Mzee anajibu, "Ni Mungu."

Nyuma ya pazia ni Tahani. Tangu mzee augue, Ramadhani ya mwaka juzi, mikono yake inatetemeka. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Skrubu ya bobini, pale uzi wa chini unapokaa, ni ndogo kama punje ya mtama, haiwezi. Hakuna siku waliyokaa chini wakakubaliana kwamba iwe siri. Asubuhi moja mzee alimwachia binti yake bisibisi, akaenda mbele kukaribisha wageni, na ikawa hivyo hivyo.

Wana desturi moja hapo ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kabla ya kutengeneza, wanashona kipande cha kitambaa kwa mashine hiyo hiyo mbovu, ili mishono mibaya ionekane. Baada ya kutengeneza, wanaendelea pale pale kwenye kitambaa kile kile. Nusu ya kwanza uzi unaruka, unakunjana, unakatika; nusu ya pili umenyooka. Wanashona vipande viwili. Kimoja anapewa mwenye mashine, cha pili kinabaki kwenye kopo la biskuti, na vyote vinaandikwa tarehe na jina la fundi. Jina ni Himid. Miaka miwili yote Tahani ameandika Himid, Himid, Himid, kwa mkono wake.

Sasa, mwezi uliopita Tahani aliomba nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Moroko, asomee utengenezaji wa mashine. Diploma ya sekondari anayo, na alama zake nzuri. Kilichobaki ni cheti kutoka kwa mwajiri na ukurasa mmoja wa kujieleza: wewe ni nani, umefanya nini, kwa nini tukuchukue. Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa saa sita mchana, wiki ambayo sisi wanafunzi tulikuwa likizo.

Jumatatu alikwenda kwa Valéry. Kumbe Valéry anayo barua tayari ndani ya ordinateri yake, yaani kompyuta, na nusu ya vijana wa mjini wameitumia. Inaanza, "Tangu utoto wangu nimekuwa na mapenzi makubwa ya," halafu nafasi wazi.

"We niambie tu mapenzi yako ni ya nini," Valéry akasema, vidole viko tayari. "Dakika mbili."

"Mashini."

"Mashini. Voilà. Imekwisha."

Tahani akaniletea niisome, kwa sababu mi nina alama nzuri za Kifaransa. Mstari wa tatu uliandikwa hivi: "ili niwasaidie kina mama kujifungua salama."

Tulicheka mpaka mzee akauliza kutoka mbele kuna nini. Nilimrudishia Valéry karatasi yake. Hakuona haya hata kidogo. "Ah, hiyo ilikuwa ya mukunga. Nasahauga kufuta. Lakini yule mukunga alikubaliwa, muulize!"

Jumanne Tahani akaandika mwenyewe, kwa kalamu. Ukurasa mzima, mwandiko mzuri. Nilisoma jinsi babu yake alivyofungua duka, jinsi baba yake anavyojulikana kuanzia Kajaga hadi Kanyosha, jinsi alivyo mvumilivu, jinsi mafundi nguo wanavyomwamini. Mwishoni: "Mimi humpa baba vifaa na kufagia."

Mi ni mtu wa kuuliza, mama ananiambia kila siku nitaulizia hata kaburini. Nikamuuliza, "Yaya, we uko wapi humu?"

"Hapo mwisho."

"Unafagia."

"Si nafagia?"

"Unafagia dakika tano! Na mashini ya Mama Fabiola ni nani aliyekaa nayo siku tatu?"

Akaangalia pazia, akashusha sauti. "Sikiliza, mudogo wangu. Nikiandika kwamba ni mi ninayetengeneza, nimeandika kwamba baba hawezi tena. Barua hii Valéry ataiskani, Valéry ataisoma, na Valéry ana mudomo. Kesho Asiatique nzima inajua. Watu wanaleta mashini zao kwa jina la Himid. Na baba mwenyewe je? Kitu kilichobaki mkononi mwake ni hilo jina. Mi niende Moroko nikimuacha bila jina?"

Kuhusu hilo jina alisema kweli. Lakini niliiona hatari yake wazi: wale wa chuo wangesoma ukurasa huo na kumpenda sana Mzee Himid, halafu wangempa nafasi mtu mwingine. Jumatano alijaribu tena mara tatu. Kila barua baba alizidi kuwa mkubwa, na yeye akazidi kufagia.

Alhamisi adhuhuri ilikuwa karibu, na Mama Fabiola alikuja kuchukua mashine yake ya pili. Mama huyu anashona nguo za harusi, ana sauti ya sokoni, na hajawahi kunywa kikombe kimoja tu cha chai ya Mzee Himid. Alipokaa, mzee akasema kwa fahari, "Binti yangu anaomba chuo. Tahani! Lete hiyo barua, utusomee."

Tahani alitoka nyuma ya pazia na ile karatasi. Alinitazama mara moja. Akasoma kwa Kifaransa, kisha mstari kwa mstari akaeleza kwa Kiswahili. Baba hivi, baba vile. Mzee alianza kwa kutabasamu. Kufikia katikati tabasamu lilikuwa limeisha, na alikuwa anaangalia kikombe chake. Tahani alipofika kwenye kufagia, akaishusha karatasi.

Mama Fabiola akameza chai. "Mzee Himid, pole, mi sikusoma sana. Sasa ni nani anayeomba chuo, we ao ye?"

"Anasema habari za nyumbani," mzee akajibu.

"Apana, anasema habari zako. We utaenda Moroko na hizo suruali?" Akacheka peke yake. Alipoona hakuna aliyemfuata, akaweka kikombe chini, na sauti yake ikapungua mpaka sikuamini ni yeye. "Mzee wangu. Tunajua."

"Munajua nini?"

"Tunakunywa chai yako miaka miwili. Kikombe unakishika kwa mikono miwili, na bado kinamwagika. Tutafikiri bisibisi unaishikaje? Ile mashini yangu nyeusi, Ramadhani ile, ilitoka hapa inanyamaza kama paka. We ulikuwa fundi muzuri, wallahi, lakini mashini zako zilikuwa zinapiga kelele kidogo. Tulijua siku hiyo hiyo. Mi, na yule fundi nguo wa Kanyosha, na wote. Tulinyamaza kwa heshima yako. Lakini heshima isimumeze mutoto."

Mzee Himid aliinuka. Alichukua kofia yake akatoka, na adhana ikawa inaanza. Mama Fabiola akajishika mdomo kwa viganja viwili. "Yoo! Nimeharibu." Tahani alirudi nyuma ya pazia, akaikunja ile barua mara mbili, mara nne, mara nane. Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nilichopata ni: "Yaya, kesho saa sita." Akasema anajua.

Mzee aliporudi kutoka msikitini hakukaa kwenye kiti chake. Alipita pazia moja kwa moja, akashusha kopo la biskuti kwa viganja viwili, akamwaga vipande vyote kwenye meza, juu ya daftari langu la biolojia. Vilikuwa mamia. Akaanza kuvitenga, taratibu, vidole vinaruka ruka.

"Hivi vya uzi mweusi ni vyangu," akasema. "Na hivi vya kijani?"

Tahani akainamisha kichwa. Mi mwenyewe sikuwahi kutambua! Tangu siku aliyoachiwa bisibisi, nusu ya pili ya kila kipande, ile iliyonyooka, ilishonwa kwa uzi wa kijani. Juu yake Himid, chini yake kijani.

"Unafikiri sikuona? Mi ndiye niliyekuwa natoa vipande hivi kwa watu. Niliona tangu cha kwanza. Nikasema, huyu mutoto anaweka alama yake, anangoja niulize. Na sikuuliza." Akavuta pumzi. "Sikuuliza, Tahani, kwa sababu nilijua jibu. Andika."

"Niandike nini, baba?"

"Andika hivi vya kijani. Si vyote, utawachosha. Chagua."

Nawaambia ukweli, sijawahi kuona mtu akiandika hivyo. Alichagua vipande viwili tu. Cha kwanza kilikuwa cha mashine ya Mama Fabiola, iliyoruka mishono siku tatu. Alibadilisha sindano, akabadilisha uzi, akafungua kila kitu akafunga, bado. Siku ya tatu ndipo alipotambua kwamba sindano inashuka sawa na ndoano ya chini inazunguka sawa, ila zinapishana: moja inafika mwenzake ameshaondoka. Aliandika hivyo hivyo, jinsi alivyokosea siku ya kwanza, na ya pili, na alichokisikia ya tatu.

Kipande cha pili hakikuwa na nusu iliyonyooka. Kilikuwa kibaya mwanzo hadi mwisho, hata kwenye kijani.

"Hicho acha," nikasema. "Ni kibaya."

"Hiki ndicho hasa," Mzee Himid akasema. "Andika na uliyoiharibu."

Ilikuwa mashine ya yule fundi nguo wa Kanyosha. Tahani alikaza kwa nguvu gurudumu lenye meno, likavunjika. Hakungoja mtu aje kulalamika. Alibeba cherehani ya marehemu mama yake mpaka Kanyosha, akamwachia yule fundi aifanyie kazi wiki tano, mpaka gurudumu jipya lilipopatikana. Habari hii mi sikuwa naijua, na niko hapo kila siku. Akaiandika kwa mistari sita. Mwisho akaandika kwamba anajua kusikia mahali mashine inapochoka lakini hajui kwa nini chuma kinachoka, na hilo hakuna mtu Asiatique anayeweza kumfundisha. Mapenzi ya tangu utotoni hakuyagusa.

Mi nilisahihisha alama za juu ya herufi za Kifaransa tu. Kazi yangu ilikuwa hiyo.

Ijumaa saa nne tulikuwa kwa Valéry. Kilikuwa kimebaki kile cheti cha kazi kutoka kwa mwajiri. Valéry akafungua ukurasa mweupe. "Mzee, sema tu, nitapiga vizuri, tampo juu, muhuri mzuri, safi."

"Apana. Nipe kalamu."

"Lakini mzee, mwandiko wako, samahani..."

"Waache waone."

Ilimchukua karibu saa nzima. Valéry alimshikia karatasi isiteleze. Hata mteja wa fotokopi alimfukuza kwa mkono. Herufi zilipanda, zikashuka, zikaruka, kama nusu ya kwanza ya kitambaa. Aliandika kwa Kiswahili, nami nikaandika Kifaransa chini yake:

"Mimi Himid, mwenye duka. Tangu Ramadhani ya mwaka juzi, kila mashine iliyotoka kwangu imetengenezwa na binti yangu Tahani. Mimi nilikuwa napokea wageni. Kama mnataka kujua kwa nini, tazameni mwandiko huu."

Valéry alivipitisha vyote kwenye skana: barua, cheti, na vile vitambaa viwili. Saa tano na dakika arobaini vikaenda. Mzee akamwambia, "Sasa kawatangazie." Valéry akaweka mkono kifuani. "Mi? Mi sikuona kitu, mzee." Na mpaka leo, jamani, hajasema. Ikabidi Mama Fabiola aseme.

Jibu linatarajiwa mwezi wa saba. Sijui litakuwaje, na ninapoandika haya bado naomba kila baada ya sala.

Lakini Jumamosi ile nilikuwepo mtu alipoleta mashine, mwanaume mgeni, kaambiwa kuna fundi Himid. Mzee alimpa chai, akamuuliza habari za watoto kama kawaida. Kisha, badala ya kuibeba mashine, aliinua mkono unaotetemeka, akavuta pazia mpaka mwisho wa waya wake.

"Tahani," akaita, "mugeni wako."

Yaya akatoka, akafuta mikono, akasalimia. Akazungusha gurudumu, akafumba macho. Yule bwana akataka kusema kitu, na Mzee Himid akaweka kidole mdomoni mwake mwenyewe: anyamaze, fundi anasikiliza.