Plastiki Iliyopinda

Sikumwamini mkaguzi tangu aliposhika roboti yetu kwa vidole viwili, kana kwamba ameokota soksi ya mtu. Aliigeuza, akainusa, akaniangalia. Nami nikamkazia macho. Kwetu Kabungu, mtu akinusa kitu chako mbele za watu, ujue ana lake jambo.

Sheria za mashindano ya roboti tulizijua kama sala. Plastiki ikatwe kwenye kipande bapa. Kukata ruhusa, kutoboa ruhusa, kukunja kwa mkono ruhusa. Kuipasha moto marufuku. Sisi kipande tulikuwa nacho kimoja tu. Likizo wenzangu walinikabidhi mimi, nami nikampa mama anitunzie. Shule zilipofunguliwa kilikuwa kimepinda kidogo. Tukakikata, kikawa kijiko safi cha kuzolea mipira, na bila kijiko hicho hakuna pointi. Mimi ninayemshuku hata muuza vitumbua, sikujiuliza kimepindaje.

"Hii imepashwa moto," mkaguzi alisema. "Inanuka moshi."

"Nani kakwambia?"

Nilijua tu wale wa shule nyingine, waliokuwa wanachekacheka pembeni, ndio waliomlisha maneno. Nikawageukia wenzangu wawili. Mmoja akainamisha uso, nikamshuku naye.

Mama alikuwa nyuma yangu. Alikuja Mpanda kuuza mchele, akapitia kutuona. Akasogea, akamsalimia mkaguzi kwa heshima.

"Mwalimu, huyu hajakichoma hicho kipande. Nilikiweka mimi kwenye kichanja, juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi. Pale panya hawafiki, mchwa hawafiki. Kila asubuhi nilikuwa nakigeuza kisiharibike."

Nilitamani anyamaze. Alisema kwa fahari kabisa, na kila neno lilizidi kutuzamisha. Nilimwonea uchungu, nikamkasirikia, vyote pamoja.

Mkaguzi akashusha sauti. "Moto ni moto, mama." Akafungua skrubu, akaweka kijiko mezani. Roboti tukaruhusiwa kuiingiza uwanjani hivyo hivyo.

Ilizunguka kati ya mipira, ikaisukuma huku na huku, isiokote hata mmoja. Mama akapiga vigelegele. "Inakwenda, mayu, mwanangu! Inakwenda!"

Muda ulipoisha akanivuta kando, akatupia jicho ile meza.

"Wametuonea wivu, eti?"

Wenzangu wote wawili walikuwa wananitazama.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Wivu tu."