Doa la Birika

Juma lililopita binti yangu alileta nyumbani kopo la nta ya mbao, ile ya kung'arishia meza, akalifungua jikoni nikiwa nachambua maharagwe. Harufu ilinifikia kabla sijaliona kopo lenyewe. Ni harufu nzito, ina utamu kidogo na mafuta taa kidogo, na mimi ninaijua tangu nilipokuwa na miaka minane. Niliweka ungo chini. Binti yangu akaniuliza kama kichwa kinaniuma. Nikamwambia hapana, nimekumbuka hoteli.

Kijijini kwetu Maragoli, hoteli ilikuwa kibanda cha chai na mandazi pale sokoni. Kwamba kuna hoteli ambamo mtu analala, tena analipa ili alale, hilo tulilisikia kwa baba. Baba alikuwa mpishi Lavington, Nairobi. Mwajiri wake alimpa chumba nyuma ya nyumba, karibu na kamba za kuanikia nguo, kwa sharti kwamba asione mke wala mtoto wa mfanyakazi uani kwake. Krismasi iliyotangulia baba alinyimwa likizo kwa sababu wageni walikuwa wengi. Basi shule zilipofungwa mwezi wa nane, mama akasema yatosha, sisi ndio tutakaomwendea. Baba akaandika barua kwamba amepata hoteli ya bei nafuu katikati ya mji, ya mtu wa pwani, na kwamba tutakaa humo juma zima.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wenye uwezo walikuwa wanakimbilia hoteli mpya zenye vioo na lifti, na ndiyo sababu tuliimudu bei ya Mzee Shebe, mwenye hoteli yetu. Mzee Shebe alitoka Mombasa, mtu mnene, mwenye kofia ya kazi nzuri na sauti ya kubembeleza. Wazungu walipokuwa wanafunga mizigo baada ya uhuru, yeye alihudhuria kila mnada alioweza, akajaza hoteli yake vitanda vya shaba, saa za ukutani, na bafu la chuma lenye miguu minne. "Hapa mtalala kizamani, mama," alimwambia mama siku tuliyofika. "Kama masetla wenyewe." Alikuwa anauza uzamani, na alijivunia bidhaa yake.

Kutani zilining'inia picha za Wazungu tusiowajua, wengine na mbwa wao. Niliuliza ni nani hao. Mzee Shebe akasema hata yeye hawajui, alinunua fremu, wao wakaja nazo. Chumbani kwetu alikuwamo bwana mmoja mwenye masharubu, na kila mama alipotaka kubadilisha nguo alimgeuza akatazama ukuta. Asubuhi alimgeuza tena, ili asionekane hana adabu kwa mwenyeji.

Mimi sikuja Nairobi kuangalia masharubu. Nilikuja kula na baba. Nyumbani, baba alipokuja likizo alikula sebuleni na wanaume wenzake, sisi tukala jikoni na mama. Hivyo ndivyo watu walivyoishi kwetu, na hakuna aliyelalamika. Lakini niliwaambia binamu zangu kwamba huko hotelini tutaketi meza moja, baba, mama na mimi. Walinicheka. Mmoja akaniambia niapie jina la nyanya, nikaapa. Kwa hiyo jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko unavyoweza kudhani.

Baba alipewa mapumziko mara mbili kwa juma: Alhamisi mchana, na Jumapili baada ya kuosha vyombo vya chakula cha mchana. Alhamisi alikuja kwa miguu, viatu vikiwa na vumbi, akanibeba ingawa nilikuwa mkubwa. Tukaingia chumba cha kulia. Katikati palikuwa na meza ndefu ya mvule yenye viti sita, inang'aa, inanuka nta. Baba akasimama. Alipitisha mkono chini ya ukingo wake, akauinamia mguu mmoja na kuutazama, kisha akanyooka.

"Kaleni nyinyi," akasema. "Mimi nimeshakula."

Akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mama, mikono mgongoni. Alisimama hivyo muda wote tuliokula. Kijiko changu kilipoanguka aliniletea kingine kabla mhudumu hajageuka. Mgeni mmoja wa meza ya pembeni, mtu wa suti, akamwona amesimama vile, akamwita, "Wewe, hebu niletee maji." Na baba akamletea, kwenye sahani ndogo, glasi ikiwa juu ya kitambaa kilichokunjwa. Mtu wa suti hakumtazama usoni.

Mama aliweka kijiko chini na hakukiinua tena. Mimi nilimkasirikia baba. Sikumwonea huruma, nilimkasirikia tu, kwa kuwa alikuwa ananifanya mwongo mbele ya binamu zangu.

Kule chumbani mama akamwambia, "Jumapili utakaa."

"Nikae wapi, Mama Eseri?"

"Kwa kiti. Viti viko sita."

Walizungumza kwa sauti ya chini, nami nikapitiwa na usingizi kwenye kile kitanda kirefu cha shaba. Nilipoamka alikuwa amekwisha kurudi Lavington kuandaa chakula cha jioni, na mama alikuwa ameketi dirishani, macho mekundu. Aliniambia ni moshi wa mji.

Jumamosi asubuhi, Mzee Shebe alinikuta nikizunguka meza ile. Alikuwa hana kazi, akaamua kunionyesha siri yake. Aliondoa kitambaa kilichotandikwa mbele ya kiti cha mwisho, na hapo kwenye mbao palikuwa na duara jeupe, kubwa kama mdomo wa kikombe cha chai, limekolea.

"Waona? Mpishi wao mjinga aliweka birika la moto bila ya kitu chini. Mama mwenye nyumba kaniambia mwenyewe, siku ya mnada, huko Kitisuru. Matajiri wote wakaikimbia meza kwa ajili ya doa hili. Nikaipata mimi!" Alicheka mpaka kofia ikasogea. Nami nikacheka, maana alicheka vizuri, na hadithi yenyewe niliipenda.

Jumapili baba alikuja na koti la kijivu alilopewa na mwajiri, limempwaya mabegani. Nilimwahi mlangoni. Nilijua kwamba akifika mezani anaweza kusimama tena, kwa hiyo nilimvuta mkono hadi kwenye kiti cha mwisho, nikatumia kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumfurahisha. Nikaondoa kitambaa.

"Baba, ona! Mpishi mmoja mjinga aliweka birika la moto hapa, akaharibu meza ya watu!"

Nilicheka peke yangu. Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye, na uso wake ulikuwa umekauka. Baba alilizungusha duara lile kwa kidole, taratibu, mpaka kidole kikarudi pale kilipoanzia.

"Hakuwa mjinga," akasema. "Siku hiyo alikuwa na haraka."

Kisha akavuta kiti, akakaa.

Mhudumu alileta birika la chai linalofuka moshi, akawa anatafuta kitambaa cha kuliwekea. Baba akalipokea kutoka mkononi mwake na kuliweka juu ya duara, kwenye mbao tupu.

"Ee mzee!" Mzee Shebe akapaza sauti kutoka kaunta. "Meza yangu hiyo!"

"Usijali," baba akajibu bila kugeuka. "Hapa palishaungua."

Akammiminia mama, akanimiminia mimi, mwisho akajimiminia yeye. Tulikula wali na kuku. Yeye aliyejua kupanga uma na visu kwa mpangilio wa karamu yoyote alikula kwa mkono, taratibu, na hakuinuka hata mara moja. Hata mgeni mmoja alipoita maji, mabega ya baba yalitikisika kidogo tu, akabaki kitini. Ndivyo nilivyopata kula meza moja na baba yangu, na nilifurahi sana.

Nyumbani niliwasimulia binamu zangu yote, na zaidi niliwasimulia habari za mpishi mjinga. Hadithi hiyo ilipendwa. Niliisimulia shuleni, niliisimulia harusini, na mara moja au mbili niliisimulia mbele ya baba mwenyewe alipokuja likizo, watu wakacheka. Yeye aliangalia kikombe chake, na ukingo wa mdomo ukacheka kidogo.

Baba alikwisha kuzikwa nilipojifungua binti yangu huyu. Mama alikuja kunisaidia. Siku moja akiwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, nami nikiwaburudisha wageni kwa hadithi ileile, alinikatiza. Alisubiri wageni watoke, ndipo akasema.

Baba alifanya kazi Kitisuru miaka tisa, katika nyumba ya wenye meza ile. Aliing'arisha kila Jumamosi na hakuwahi kuikalia. Ule mguu alioutazama aliutengeneza mwenyewe. Alasiri moja, akiwa amebeba birika la chai, mtunza bustani alimwita mlangoni: kuna simu ya maandishi, telegramu, kutoka kwao. Aliliweka birika mezani, pale palipokuwa karibu, akakimbia. Aliporudi, doa lilikuwa limeshaingia. Alikuwa anataka kuomba ruhusa asafiri, na mama mwenye nyumba akamjibu kwamba mtu asiyejua kuweka birika hana likizo mwaka huo. Alipofika kwetu mtoto alikuwa anatembea, akamwona mgeni, akalia na kujificha nyuma ya mlango. Hayo yote alimweleza mama Alhamisi ile, mimi nikiwa nimelala kando yao.

Niliona haya, na haya hiyo haijanitoka. Sikuweza kumwomba radhi, na hadithi ya mpishi mjinga sikuisimulia tena.

Mpaka juma lililopita. Binti yangu alisikiliza hadi mwisho, kopo la nta likiwa wazi mkononi, na akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kumwuliza baba. Simu hiyo ilisema nini, hata akawa na haraka hivyo?

Nikamwambia ilisema nimezaliwa.