Vipimo Vitatu vya Mteremko wa Angurai

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa debe la maji ya chumvi. Nilikuwa nimetoka kwetu Funyula na shati la kanisani na viatu vilivyong'arishwa, maana barua ilisema nimeajiriwa kuwa msaidizi wa vipimo katika ofisi ya Busia, nami nilidhani mtu wa vipimo hukaa mezani. Bwana Mpimaji, Mwingereza mwenye magoti yaliyobabuka kwa jua, alivitazama viatu vyangu, kisha akalitazama debe.

"Hii maji wewe beba mpaka juu ya kilima," akasema. "Kila kigingi, mwaga kidogo. Na hapana kanyaga waya."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kupima ardhi kwa umeme, miaka ya sitini, Kenya ikiwa inaelekea kujitawala. Tulipigilia vigingi vinne vya chuma kwa mstari mmoja. Vile vya pembeni vilipeleka umeme wa betri ardhini, na vile vya katikati vilituonyesha, kwa mshale wa mashine, jinsi udongo unavyoupinga. Ukisogeza vigingi mbali zaidi, umeme huzama chini zaidi. Mwamba mkavu huupinga sana. Udongo wa mfinyanzi uliolowa huuacha upite, na mshale huanguka. Maji ya chumvi yalisaidia chuma kushikana na ardhi kavu.

Wenyeji waliamini tunatafuta dhahabu. Tukishang'oa vigingi, wengine walikuja nyuma yetu na majembe. Kumbe tulikuwa tunatafuta utelezi. Mteremko wenye udongo wa mfinyanzi wenye maji juu ya mwamba ulioinama ni kama sahani iliyopakwa sabuni. Mvua ikizidi, kila kilicho juu yake hushuka.

Nilibeba maji mwaka mzima kwenye vilima vya Samia. Tulipotumwa Budalang'i kutafuta mahali pagumu pa kusimamisha daraja, maji yakitufika magotini, nikapandishwa kushika daftari la vipimo. Baada ya uhuru Bwana Mpimaji alirudi kwao, akaja Bwana Mjiolojia, Mkamba aliyesomea ng'ambo, mpole, asiyependa maneno mengi. Ndiye niliyekuwa naye tulipotumwa Angurai.

Barabara ya kutoka upande wa Malaba ilitakiwa kupanuliwa, na wakandarasi walitaka kukata mguu wa kilima kimoja. Katikati ya mteremko huo lilikuwa boma la Mama Amoit, mjane wa Kiteso wa miaka arobaini na kitu, na wanawe wawili waliokwisha kuoa. Nyumba tatu, jiko, ghala ya mtama, na kaburi la mumewe. Swali letu lilikuwa moja: mguu ukikatwa, je, boma litabaki juu?

Tulipima siku nne kutoka chini kwenda juu, na mshale ulikuwa unasimama vizuri. Siku ya tano Bwana Mjiolojia alikwenda Malaba kuonana na wakandarasi, akaniachia kazi. Vilibaki vipimo vitatu tu, juu ya boma, ndani ya kichaka cha miiba chenye nyuki. Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Niliwaambia vibarua wawili niliokuwa nao wakunje waya. Kisha nikaketi kwenye baraza ya Mama Amoit, nikatazama jinsi vipimo vya chini vilivyokuwa vinapanda, nikaandika vingine vitatu vinavyofanana navyo. Niliviandika kwa mwandiko mzuri kuliko vile vya kweli.

Mama Amoit alituletea karanga za kukaanga. "Sasa mlima yangu iko mzuri?" akaniuliza.

"Ni mzuri, mama," nikamjibu, mdomo umejaa karanga zake.

Bwana Mjiolojia alivichora vipimo vyangu kwenye karatasi ya miraba. Akasema juu ni pakavu, wakandarasi wanaweza kuchimba. Jumapili mvua ilinyesha kutwa, nami nilikaa hemani nikiisikiliza. Jumatatu asubuhi nilimkuta akitia ripoti ndani ya bahasha.

"Bwana, usiipeleke hiyo."

"Kwa nini?"

"Vile vipimo vitatu vya juu sikuvipima. Niliviandika tu."

Aliiweka bahasha mezani. "Na vile vingine?"

"Vingine ni vya kweli."

"Nitajuaje, Wandera?"

Nimeulizwa maswali mengi magumu maishani, lakini hilo ndilo lililonivua nguo.

Nilingoja aniambie nifungashe virago. Badala yake alisimama akavaa kofia. "Tunaanza upya kutoka kigingi cha kwanza," akasema. "Daftari nitashika mimi. Wewe utabeba maji."

Tulirudia mstari wote. Vipimo vya chini vilikuwa vilevile, nikamshukuru Mungu kimyakimya. Tulipofika juu tuliingia kwa panga kwenye kile kichaka, na nyuki hawakutuhurumia. Jicho langu moja lilifumbika kabisa. Bwana Mjiolojia alibonyeza swichi, na mshale ukaanguka. Tukasogeza vigingi, ukaanguka tena. Mara ya tatu hakuandika kwanza. Aliniita nije nione mwenyewe kwa lile jicho lililobaki.

"Huo ni udongo wa mfinyanzi na maji," akasema, "na uko juu ya hao watu wote."

Tuliteremka moja kwa moja hadi kwa Mama Amoit. Bwana Mjiolojia alimweleza polepole kwamba kilima kinaweza kushuka, hata kama barabara haitachimbwa. Wanawe walikasirika. Mkubwa alisema, "Juzi mashine ilisema mlima mzuri. Leo inasema mbaya. Kesho je?" Mama Amoit aliutazama uso wangu uliovimba, akawageukia wanawe.

"Tunahama," akasema.

Walijenga upya kwa shemeji yake, mahali tambarare, na barabara ikapitishwa kwingine. Mvua ya masika iliyofuata, adhuhuri moja, mteremko ulishuka. Haukumwumiza mtu. Ulichukua jiko, ghala na nyumba mbili zilizokuwa tupu. Nilipofika, Mama Amoit alikuwa amesimama penye ukingo, mikono kichwani.

"Mzee wangu ameenda na mchanga," akaniambia. "Hiyo mashine yako ilijua kaburi itaenda?"

"Haikujua, mama."

Tulikuwa tumehamisha watu, mbuzi na hata mawe ya kusagia. Kuhusu kaburi, hakuna aliyeuliza, hata mimi niliyekula karanga hatua chache kutoka hapo.

Bwana Mjiolojia hakuniandikia barua ya onyo. Nilibeba maji miezi sita, kisha asubuhi moja akanirudishia daftari. Nililishika katika vituo vingi, chini ya wakubwa wengi, hadi nilipostaafu. Siku hizi naambiwa mashine huandika vipimo zenyewe. Ni jambo jema. Hata hivyo huikumbuka milio ya waya ukifunguka kwenye gurudumu lake, harufu ya ardhi kavu ikipata maji, na vibarua wakiitana kutoka juu hadi chini ya kilima. Tulikuwa watu wanne na sanduku moja, na tulijiona madaktari wa milima.

Baada ya kustaafu nilikwenda Angurai. Mama Amoit alikuwa hai bado, ameketi kwenye ngozi nje ya nyumba ya mwanawe, anachambua mtama. Nikamsalimu kwa neno langu moja la Kiteso, "Yoga," kisha nikamweleza yote: kichaka, wingu, vile vipimo nilivyobuni, na jinsi nilivyomdanganya machoni.

Aliendelea kuchambua. "Nilijua," akasema.

"Ulijuaje, mama?"

"Niliona mkikunja waya kabla ya kufika kwa miiba. Halafu ukaniambia mlima iko mzuri. Nikasema, huyu mtoto anadanganya. Siku mlirudi, nikaona nyuki wamekukula uso, nikajua sasa mmefika. Ndiyo maana nilihama."

"Na hukuniambia kitu miaka yote hii?"

"Ilikuwa maneno yako. Nilikuwa nangoja uilete mwenyewe." Akasogea kidogo, akapiga ile ngozi kwa kiganja kunionyesha pa kukaa. "Umechelewa, Wandera. Lakini kaa."