Dumu Hili Lilibeba Nini

Nauza madumu yaliyokwisha kutumika, hapa mjini Tarime, na mpaka leo sijachoka kumtazama mtu anapochagua. Ng'ambo ya barabara kuna duka la vyombo lenye madumu mapya, yamefungwa kamba na kuning'inizwa mlangoni. Mteja husimama katikati, akatazama kule, akatazama huku. Mmoja huvuka kwenda kwa jirani yangu, mwingine huja kwangu, nami hujiuliza ni nini kilichomgeuza.

Zamani nilidhani wanaokuja kwangu ni wasio na uwezo. Sivyo. Huja watu wenye magari, na wapo maskini ambao hawagusi kitu kilichotumika hata ukiwapa bure. Wengine wanajua kwamba dumu lililobeba mafuta ya kula lina plastiki nene, likianguka kutoka kichwani linadunda tu, wakati jipya jembamba linapasuka siku ya kwanza. Lakini hata hao wanaojua, wengine huvuka barabara.

Kazi hii niliirithi kwa kuzunguka. Baba yangu, aliyekuja bara kutoka pwani akiwa kijana, alikuwa fundi bati mjini Mugumu. Alikata madebe ya mafuta akatengeneza koroboi na birika. Madebe yalipoadimika, mimi nikahamia kwenye plastiki. Dumu likipasuka, napasha kisu moto, nakata kiraka kwenye dumu bovu, nakiyeyushia pale. Kovu linabaki. Kuna wakati niliona kovu lile ni aibu, nikawa nalisugua kwa msasa mpaka lipotee. Madumu yakakaa bila kuuzika. Mfugaji mmoja kutoka Nyambureti akaligeuzageuza moja, akaniuliza, "Hili limezibwa wapi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Mbona umelificha?" Akaliweka chini, akaenda zake. Tangu siku ile msasa napigia mbao tu, na makovu nayaacha yaonekane.

Nilidhani hapo nimeshajua yote. Kisha, siku chache baada ya Idi iliyopita, akaja mama mmoja wa Kerende.

Ilikuwa asubuhi. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo mzee," nikamwitikia na kumpa kigoda. Alikuwa mtu mzima, amevaa kitenge cha akina mama wa kanisa lake. Alitaka madumu kumi na tano ya maji. Wiki iliyofuata kanisa lao lilikuwa na makambi, ile mikutano ya ibada ya siku kadhaa, na yeye amepewa zamu ya maji ya kunywa.

"Makanisa matano yanakuja," akasema. "Mtu akiumwa tumbo, hawatasema dumu. Watasema mimi."

Akaanza kuyanusa, moja baada ya jingine. Alikuwa akiingiza pua mdomoni mwa dumu, kisha analiminya tumbo ili hewa yake imtokee usoni. Sijapata kuona mtu ananusa kwa makini namna ile.

"Hili lilibeba nini?"

"Mafuta ya alizeti."

"Na hili?"

"Mafuta ya kula pia, mama. Mke wangu ameyaosha kwa majivu na mchanga, mara tatu."

"Mzee, mimi natoka Kerende. Kwetu kuna madumu yamebeba dawa za kuoshea dhahabu. Nayo yanaoshwa, yanang'aa hivi hivi."

Alisema kweli. Akachukua dumu moja, akaenda bombani kwa jirani, akalitia maji kidogo, akalitikisa, akarudi nalo. Akamimina kwenye kikombe changu cha bati, akanipa kwa mikono miwili.

"Onja wewe kwanza."

Niliielewa desturi hiyo. Katika nyumba za huku anayekukaribisha kinywaji hukionja yeye mbele yako, ndipo akupe. Mama yule hakunitukana. Alinitendea kama mwenyeji wake.

Lakini nilikuwa nimefunga. Zilikuwa sita za Shawali, funga ya hiari tunayoifuata baada ya Ramadhani, na mwalimu wangu wa madrasa alitufundisha tangu utoto kwamba funga ya hiari haitangazwi. Nikakishika kikombe, nikakiweka juu ya meza.

"Mwingine ataonja," nikasema. "Nimwite jirani."

"Jirani ndiye anayeniuzia?"

Ikabidi niseme. "Mama, nimefunga."

Alinitazama, kisha akacheka kwa upole, kama unavyomcheka mzee aliyekamatwa. "Baba yangu, mimi nina majirani Waislamu. Idi tumekula wote. Pilau nimerudishia mara mbili. Unafunga nini tena?"

"Kuna nyingine, za sunna."

"Zimekuja leo, baada ya mimi kusema onja?" Akamwaga maji chini. "Hata wewe unayaogopa."

Akaondoka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa amenipima kwa kipimo cha haki, nami nikaonekana pungufu. Tena hakuvuka kwenda kwenye madumu mapya. Alishika njia ya sokoni.

Mchana wote niliwaza. Funga ya hiari mtu anaweza kuivunja na asipate dhambi. Ukiwa na mgeni, unaweza kula naye ukamfurahisha. Lakini kuivunja ili niuze dumu? Nilijua nafsi yangu ingejisemea kwamba ni kwa ajili ya mgeni, nayo ingekuwa inasema uongo. Kwa upande mwingine, nimemwacha mtu aende akiamini kwamba mzee mwenye kanzu na mvi humsingizia Mungu ili kuficha bidhaa mbovu. Nilimwomba Mwenyezi Mungu anirudishie yule mama. Sikuomba niuze, niliomba nipate tu kulisafisha neno langu.

Mke wangu aliponiletea maji ya kutawadha alasiri, nilimsimulia. Akaniuliza jambo moja: "Na yale matatu ulimwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nyuma ya mlango nilikuwa na madumu matatu niliyouziwa na mwokotaji mmoja, asiyeweza kukumbuka alikoyatoa. Sikuwa na nia ya kuyauza kwa mtu wa maji. Lakini hayakuulizwa, nami sikuyataja.

Jua lilipokaribia kuzama, wakati naingiza vyombo ndani, nikasikia, "Mzee, bado hujafuturu?"

Alikuwa yeye. Alifikia kwa dada yake mjini. Alikuwa amempigia simu jirani yake wa Kerende, mke wa fundi cherehani, akamuuliza kama kuna Mwislamu anayefunga baada ya Idi.

"Ameniambia ziko sita," akasema. "Ameniambia pia nimekukosea. Lakini mimi sijaja kuomba msamaha tu. Nimekuja uonje."

"Karibu, mama. Chagua mwenyewe."

Akachagua dumu lenye kovu kubwa kuliko yote, akaenda bombani. Tukakaa tukingoja. Mke wangu akaleta tende na kigoda cha pili. Adhana ilipoanza, nikala tende moja, nikapokea kikombe, nikanywa chote. Maji yalikuwa na ladha ya bomba la Tarime, basi. Alhamdulillahi.  Mama yule alikuwa ananitazama koo.

Kisha akayaona madumu nyuma ya mlango. "Na yale matatu?"

"Sijui yalibeba nini," nikamwambia. "Ndiyo maana yako huko. Nilipaswa kukwambia asubuhi."

Akasimama, akayaendea, asiyanuse. Akayatazama kitambo kirefu kuliko alivyoyatazama yale mengine yote. Aliporudi alikaa, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Nifungie kumi na tano," akasema. "Lakini mzee, ungenionyesha hayo matatu asubuhi, ningenunua asubuhi. Ungebaki na funga yako, wala mtu asingejua."

Mke wangu akacheka mpaka akaziba mdomo kwa ushungi. Mimi niliona haya, na nilishukuru.

Nimeliwaza neno lake mara nyingi. Alirudi jioni kwa ajili ya kikombe cha maji, na alipokipata akanunua kwa ajili ya madumu ambayo siuzi. Au labda alinunua kwa kikombe, na yale matatu yalimwondolea tu shaka iliyobaki. Sijui, na sikumuuliza. Yale matatu niliyakata siku iliyofuata nikatengeneza vizoleo vya taka. Sasa kila dumu nisilolijua nalikata hivyo hivyo, hapo nje, mahali ambapo mtu anayesimama katikati ya barabara ananiona.