Siku Niliyoambiwa Nimbebe Mama Mkwe

Msinicheke, jamani, maana aibu hii nimeimeza miaka yote na bado inanikwama kooni.

Mnakumbuka kiwanda chetu cha Kihonda kilipouzwa, tukapunguzwa kazi, nikawa mtu wa kushinda barazani kwa mama mkwe kule Bigwa nikila ugali wa jasho la binti yake? Basi mwekezaji wa madini ya rubi huko milimani akatangaza nafasi za waokoaji, wale wa kuingia shimoni mgodi ukibomoka, na kabla ya kuajiriwa unapimwa afya na nguvu. Nikapimwa presha, macho, mapafu, vyote safi, nikapanda na kushuka ngazi na kifaa cha kupumulia usoni mpaka daktari akasema, "Huyu trekta." Kosa langu lilikuwa moja tu: nilimwalika mama mkwe aje kushuhudia (nilitaka aone hakumwoza binti yake kwa mvivu), nikamkalisha benchi la mbele kabisa.

Jaribio la mwisho lilikuwa kumbeba majeruhi hadi getini, na majeruhi mwenyewe ni gunia la mchanga, nalo likapasuka. Daktari, kijana wa Dar asiyejali mila ya mtu, akaangaza macho, akamwonyesha mama mkwe.

"Mbebe yule mama."

"Daktari, yule ni mkwe wangu."

"Mgodini hakuna mkwe. Beba."

Hebu niambieni, mtu ambaye hata mkono simpi, namsalimia nimeinama pembeni ya njia, leo nimtupe begani mbele ya kadamnasi? Wenzangu wakaanza kucheka, hasira zikanipanda, nikaomba blanketi nikamfunika, nikafumba macho kwa heshima, nikamnyanyua nikatimua mbio (nimefumba macho, jamani), nikaivaa meza ya daktari, na vikombe vya mikojo yetu sote, iliyongoja kupimwa, vikatumwagikia, mimi na mama mkwe.

Nikafelishwa palepale. Nilifoka sana: nani anapanga mikojo njiani, na kwani Morogoro nzima magunia yameisha? Mama mkwe alikuwa anakamua kanga yake.

Tukarudi Bigwa, yeye mbele, mimi nyuma kwa mbali. Katikati ya njia akasimama bila kugeuka.

"Baba, ningekuwa nimefukiwa kweli, ungefumba macho?"

Nikainama pembeni ya njia mpaka akaendelea kutembea. Daktari yule sijamsamehe, na nimeapa kwenye usaili wowote naenda peke yangu, lakini kila nikiinama kumsalimia mama naona bado anangoja jibu.