Saiprasi Kibeti Kando ya Kisima

Nilizaliwa Njombe, kwenye nyumba iliyozungushiwa ua wa saiprasi. Mama yangu aliipanda mwenyewe, na kila mwaka aliipunguza kwa panga. Asubuhi za umande harufu yake iliingia mpaka jikoni ikachanganyika na moshi. Sikujua kwamba ile ndiyo harufu ya kwetu mpaka nilipokuja kufundisha Newala, nikaolewa huku, nikaikosa.

Miaka ya mwanzo niliona haya kusema. Mume wangu angenielewa vipi? Watu hukumbuka nyumbani kwa sababu ya watu au chakula, mimi nilikuwa nakumbuka majani. Lakini mama alipoanza kuugua, na safari ya kwenda kumwona ikawa ya mara moja kwa mwaka, hamu ile ilizidi. Siku moja nikamwambia mume wangu nataka kupanda saiprasi.

"Utaipanda wapi?" akauliza.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kiwanja chetu ni kidogo. Mahali palipobaki wazi ni kati ya baraza na kisima cha maji ya mvua, upana wa hatua mbili. Kisima hicho hatuwezi kukichezea. Maji ya bomba huja yanapotaka, na kiangazi kikikaza tunanunua kwa ndoo.

Mama mkwe, mzaliwa wa Chilangala, ambaye tunaishi naye, alikuwa ukumbini anabangua korosho. Akasema bila kuinua macho, "Mkorosho utakupa korosho. Mwembe utakupa embe na kivuli. Huo wako utatupa nini?"

"Harufu, mama."

Aliendelea kubangua.

Jumamosi nikateremka Masasi, kwa mzee mmoja mwenye kitalu cha miche kando ya barabara. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikaenda moja kwa moja kwenye mche mkubwa kuliko yote, wenye matawi yaliyotanda kama ya kwetu. Nilikuwa nimeshaushika.

"Subiri, mama. Utaupanda wapi?"

Nikamwonyesha ule upana kwa hatua zangu, na upande wa pili nikasema kuna kisima.

Akautoa mche mikononi mwangu, taratibu. "Huu utapasua kisima chako. Watu huchagua mti kwa jinsi ulivyo leo ndani ya mfuko. Wewe uliza utakuwaje baada ya miaka kumi."

Akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Pale ulisimama mti mwembamba, uliokwenda juu kama mshumaa, kilele chake hakijafika kwenye paa. Alisema aliupanda mwaka ambao binti yake wa kwanza alianza shule, na sasa binti huyo ana watoto. Ni saiprasi kibeti: hukua polepole, hautanui matawi, na mizizi yake haisumbui kama ya ile mikubwa. Nilinyoosha mikono nikaukumbatia wote, viganja vyangu vikakutana upande wa pili.

Miche ya aina hiyo alikuwa nayo minne. Alinifundisha kuikagua: niache wenye mashina mawili, kwa sababu utakuja kupasuka katikati, niache uliokauka majani kwa ndani, na niache ule ambao mizizi yake imejizungusha ndani ya mfuko kama kamba. Ukabaki mmoja, mfupi kuliko yote. Nikavunja kijitawi kidogo, nikakisugua kati ya vidole, nikanusa.

Nililia pale pale kitaluni, mtu mzima, mwalimu. Yule mzee akageuka akajifanya anamwagilia mipapai.

Jioni nikampigia mama simu. Sauti yake ilikuwa imepungua sana. "Usiifukie shingo," akasema. "Shina lianze pale lilipoanzia kwenye mfuko. Na usiupe maji mengi kwa kuuhurumia." Nikamwambia huku hata nikitaka kuuhurumia, maji hakuna. Akacheka mpaka akakohoa.

Niliupanda mvua za kwanza. Mvua hizo hazijaisha, kaka yangu akapiga simu alfajiri.

Kutoka Newala hadi Njombe ni mbali. Nilipitia Masasi, Tunduru, Songea, na kila gari liliposimama nilihisi wanasimama makusudi kunichelewesha. Nilifika wameshamzika. Kaka aliomba radhi, nikamwambia si kosa lake, nikaenda kukaa peke yangu uani. Ile harufu niliyoitamani miaka yote ilikuwa imejaa kila mahali, nami sikuihisi kabisa. Mafua ya kilio yalikuwa yameniziba pua.

Nilirudi Newala baada ya majuma matatu. Mvua zilikuwa zimekatika mapema, nikajua mti umekufa. Nilipoingia getini nikamkuta mama mkwe ameinama kando ya kisima anatawadha. Alikuwa amehamishia pale kigoda chake, na amechimba kijifereji kwa kidole, maji ya udhu yakawa yanateremka polepole hadi shinani.

"Mara tano kwa siku," mume wangu akaninong'oneza. "Na hataki mtu mwingine auguse."

Nilimsubiri amalize kuswali. Nikapiga magoti, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole." Akanishika mikono, akaninusa viganja kama mtu anayempokea mtoto mchanga. Kisha akavuta mkeka karibu. "Kaa hapa. Sikuwahi kuonana na mama yako hata mara moja. Niambie, alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikaanza na viazi alivyokuwa akivifukia majivuni ili tukitoka shule tuvikute vya moto. Nilisimulia mpaka adhana ya magharibi.