Neno Moja Katika Faili la Valvu

Valvu iliyokata maji ya kijiji cha mama yangu ilifungwa kwa faili nililolibuni mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Ujamaa. Mradi ulisukuma maji kutoka mtoni Korogwe mpaka vijiji vya Handeni. Wafadhili walituachia kompyuta moja katika nyumba ya pampu, nasi wawili kati ya mafundi wa zamu tukaambiwa tuiunganishe na valvu za bomba kuu. Mwenzangu alitoka Dindira, kule milimani. Nilisoma naye, na kila tulipopita kijijini kwetu kukagua bomba, mama alimpikia.

Kila valvu niliipa faili lake ndani ya kompyuta. Ukitaka kujua hali ya valvu, unasoma faili. Ukitaka kuifunga, unaandika humo FUNGA, na programu inaiwasha mota. Asiyejua lolote kuhusu nyaya aliweza kuendesha bomba zima kwa maneno mawili, FUNGA na FUNGUA. Kompyuta ilionyesha pia jina la aliyeandika mwisho.

Tulibishana juu ya jina hilo tu. Mimi nilitaka kila fundi aingie kwa jina lake.

"La nini, mtani?" alicheka. "Ufunguo wa kituo ni mmoja. Anayeingia zamu anaupokea, anayetoka anauacha. Ninyi Wazigua hata maji mnataka yawe na mwenyewe?"

"Ninyi wa milimani mvua inawamwagia bure, mtajuaje?"

"Haya, bwana. Weka jina moja, ZAMU. Mali ya wote."

Nikaliweka. Wakati ule kumtaka mwenzako atie jina lake kwenye kazi ya pamoja ilikuwa kama kumwita mwizi.

Kiangazi kilipokaza, bomba la kijijini kwetu likakauka, huku tangi la shamba kubwa la mkonge, lililopata maji kwenye bomba kuu hilohilo, likijaa. Nilisoma faili: FUNGA, ameandika ZAMU. Nikaandika FUNGUA, maji yakatoka. Baada ya siku chache FUNGA ikarudi.

Kijiji kikaitisha mkutano. Nilikwenda na mwenzangu nikiamini atanisaidia kueleza. Alisimama, akawapa wazee shikamoo, akasema kwa upole, "Wazee wangu, mpango wa faili hilo ni wa huyu kijana wenu. Mimi nafuata tu alivyoupanga."

Hapakuwa na uongo ndani yake hata kidogo. Alikaa bila kunitazama.

"Kumbe mwenyewe tunaye hapa!" mama mmoja akapaza sauti. "Tulikusomesha uje utufungie maji?"

Nyumbani nilimweleza mama jina lile lilivyopatikana na nani alilitaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupepeta mahindi.

"Yule amekula kwangu kama mwanangu," alisema. "Hawezi kukufanyia hivyo."

Mwezi uliofuata mwenzangu alihamia shamba lile la mkonge kuwa fundi wa mitambo. Niliifuta ZAMU, nikampa kila fundi jina na neno lake la siri. La yule aliyehama sikuliweka.

Haukupita muda valvu ikafungwa tena. Niliporudi kituoni nilisoma faili: FUNGA, na jina la aliyeandika lilikuwa langu. Neno langu la siri sikumwambia mtu; angeweza kulikisia tu anayenijua kama ndugu. Maji yalipokatika nilikuwa kijijini, nimesimama bombani na mama, ndoo yake haijafika nusu.